Kwa walimu wa awali na darasa la kwanza
Walimu wenzangu, salaam. Naomba tusiwe wepesi wa kufuta mikwaruzo ya watoto. Mtoto anayechora mistari kisha akakuambia "hapa nimeandika mama" ameshajua kwamba alama hubeba maneno, na hilo si jambo dogo. Baadaye ataandika "yuba" akimaanisha nyumba: silabi amezisikia, ila "ny" na "mb" bado zinamponyoka. Tafadhali, wino mwekundu usubiri. Mwombe akusomee alichoandika, litamkeni neno pamoja polepole, kisha liandike sahihi pembeni alione. Vidole navyo vinataka nguvu: kufinyanga udongo, kuchana karatasi, kutunga shanga. Mwandiko mzuri utakuja, msiuharakishe.

Mwenye kazi za watoto apige picha, afiche majina, atume humu kabla ya Ijumaa.