Imewaka, ndiyo. Lakini bado hatukupi

Simu hii tunaipokea karibu kila wiki. "Fundi, mwanangu alipita hapo jana akaikuta kompyuta yetu imewaka, iko vizuri tu. Sasa leo mbona unaniambia nisubiri mpaka kesho kutwa?" Swali ni la haki. Mtu ameambiwa feni inazunguka na picha imetokea kwenye skrini. Kwake kazi imekwisha, fundi anamzungusha tu. Kwetu sisi hapo kazi imefika nusu.

Kompyuta kuwaka si jambo kubwa. Ikiwa imetulia kwenye ukurasa wa mwanzo, prosesa, ubongo wa kompyuta, inafanya kazi kidogo sana, kadi ya michoro imesinzia, sehemu kubwa ya RAM, kumbukumbu ya muda, haijaguswa, na pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani, haitoi jasho. Kasoro nyingi hujificha hapo. Hutokeza mashine inapobebeshwa mzigo, ikapata moto, ikakaa na moto huo saa kadhaa. Fundi asipoupandisha mzigo huo mezani kwake, mteja ataupandisha nyumbani, tena usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi ya watu.

Kwa hiyo kabla hatujakupigia uje uichukue, tunaitesa. Neno ni kali lakini ndilo lenyewe: Prime95, programu mashuhuri kuliko zote kwa kazi hii, jaribio lake limeandikwa hivyo hivyo kwenye menyu, jaribio la mateso.

Prime95 haikutengenezwa kwa ajili ya mafundi. Ni ya mradi wa GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, ambao watu wa kujitolea huchangia kompyuta zao kutafuta namba tasa kubwa za aina ya Mersenne, yaani 2 yenye kipeo fulani kutoa 1. Hesabu moja inaweza kuchukua siku nyingi, na prosesa ikiteleza mara moja tu kazi yote inaweza kuharibika. Ndiyo maana ikawekewa njia ya kuipima mashine kwanza. Ujanja wake ni mwepesi: prosesa inapewa hesabu ambayo jibu lake linajulikana, kisha majibu yanalinganishwa. Yakitofautiana, mashine imekosea. Haijaganda, haijajizima, skrini haijageuka bluu. Imekosea hesabu na kuendelea na safari zake. Kosa la namna hiyo ndilo linaloninyima usingizi. Mashine inayojizima angalau imekiri.

Wapo wanaosema mateso haya yamepita kiasi, kwamba hakuna mtu anayetumia kompyuta hivyo. Januari 2016 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 6, zile za Skylake, zinaweza kuganda zikipewa hesabu fulani nzito. Kilichozifichua ni hao hao watafuta namba tasa: Prime95 ilikuwa ikigandisha mashine inapofanya hesabu za kipeo 14,942,209. Intel ikatoa marekebisho kupitia bayosi, programu ya ndani inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Zilikuwa prosesa mpya, zimepita kiwandani, zimeuzwa, na zilikuwa zikiwaka vizuri tu.

Ila hatuanzi na prosesa. Tunaanza na diski, na diski hatuitesi. Tunasoma kwanza SMART, lile daftari ambalo diski hujiandikia yenyewe: imehamisha sekta (vijisehemu vya kuhifadhia data) ngapi mbovu, ngapi zinasubiri kuamuliwa. Tukiona sekta zinazosubiri, majaribio yote yanasimama na tunahamisha data kabla ya jambo lingine lolote. Diski iliyo mahututi ukiibebesha mzigo unaweza kuimalizia, na picha za harusi za mtu zikaenda nayo. Lakini si kila namba mbaya kwenye daftari hilo ni msiba. Makosa ya CRC, yaani data kuharibika njiani, kwa mfano, mara nyingi ni waya wa data uliolegea au kuchoka. Tumeshawarudisha nyumbani watu waliokuja tayari kununua diski mpya, wakaondoka na waya.

RAM tunaiachia usiku. Memtest86+ inawashwa kutoka kwenye flashi bila Windows, kwa sababu Windows yenyewe imeketi ndani ya RAM na huwezi kupima kiti ambacho mtu amekikalia. Asubuhi tunakuja kusoma matokeo. Kosa moja linatosha. Hatusemi "ni moja tu". Tunachomoa vipande, tunapima kimoja kimoja, kisha tunahamisha kile kinachokosea kwenye tundu jingine. Kosa likikifuata, kipande ndicho kibovu. Likibaki pale pale, tundu ndilo lenye shida, na hapo mazungumzo ya ubao mama, ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote, yanaanza, ambayo hakuna anayeyapenda.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya wengi: kila kipande kizima kikiwa peke yake, viwili kwa pamoja vinakosea. Mara nyingi sababu ni kasi. RAM ya aina ya DDR4 iliyoandikwa 3600 imeivuka kasi ya kiwango rasmi, kwani kiwango cha DDR4 kinaishia 3200 kwa volti 1.2. Hiyo 3600 huja kupitia XMP, mpangilio unaowashwa kwenye bayosi ili RAM iende kasi zaidi, ambao kwa kawaida hupandisha volti hadi 1.35, na si kila prosesa na kila ubao mama utaiweza. Tukiishusha ikatulia, tunaiacha hapo na kukueleza. Tofauti ya kasi wengi hawataiona, lakini kompyuta ikijizima utaiona.

Sasa nieleze kisa kimoja, maana ndicho kilichotufundisha kutopima kifaa kimoja kimoja tu na kuridhika. Ililetwa kompyuta ya mezani ya kuhariri video. Malalamiko: inajizima katikati ya kutoa video, na haileti ujumbe wowote. Ilikuwa imeshapita kwa fundi mwingine, ikabadilishwa RAM, ikarudi vile vile. Tukaiwekea Prime95 kwa muda wa saa 3: safi, nyuzijoto 71, hata feni hazikupiga kelele. Tukaipima kadi ya michoro kwa FurMark, lile dude la manyoya linalozunguka, dakika 20: safi. Kijana wa mezani akaanza kufunga skrubu. Nikamwambia ebu washa zote mbili kwa pamoja. Haikufika dakika. Tik, giza.

Ile "tik" ni sauti ya pawasaplai kujikata. Kibandiko chake kilionyesha wati za kutosha na ziada, lakini kibandiko hakipimwi, kinasomwa. Tukaichomoa, tukaweka ya kwetu ya majaribio, mashine ikaenda saa 6 na mizigo yote miwili. Tukairudisha ya kwake: tik. Tukarudia tena mara ya tatu, kwa sababu fundi anayeridhika na mara moja huwa anauza vifaa visivyohitajika. Kikabadilishwa kifaa kimoja.

Ujumbe wa kosa nao usiuamini haraka. Baadhi ya watu wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 walikuwa wakipata ujumbe kwenye michezo kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imekwisha. Kadi ilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa prosesa, iliyokuwa ikipewa volti kubwa mno, na Agosti 2024 Intel ikatoa marekebisho ya bayosi yenye namba 0x129 na kuongeza miaka 2 kwenye dhamana. Marekebisho hayo yanazuia uharibifu. Prosesa iliyokwisha kuharibika hayaiponyi. Mashine yenye prosesa hizo ikija kwetu, hata kama imeletwa kwa tatizo la kibodi, tunaangalia bayosi yake ni ya lini.

Joto tunalisoma kwa mwenendo kuliko kwa namba. Prosesa nyingi za Intel zina ukomo wa nyuzi 100, na nyingi za Ryzen 7000 za AMD zimetengenezwa kufika 95 bila madhara, kwa hiyo 95 peke yake haituambii kitu. Tunachotaka ni joto lipande, kisha litulie baada ya robo saa hivi na kubaki hapo. Likiendelea kutambaa juu polepole, hewa haizunguki: vumbi, feni mbovu, au kasha lililobanwa. Likiruka hadi ukomo kwa sekunde 2, kipoza hakijagusa prosesa sawasawa, pesti ya kupitisha joto kati yao imekauka, au kuna mtu amesahau kubandua karatasi ya plastiki chini ya kipoza. Imeshatokea hapa hapa, na sitamtaja aliyeisahau kwa sababu ndiye anayeandika makala haya. Yote haya tunayafanya kasha likiwa limefungwa kabisa. Kupima mashine ikiwa wazi mezani ni kujidanganya.

Baada ya mateso tunaiacha ipumzike, na hapa ndipo wengi hawategemei kitu. Kuna mashine zinazobeba mzigo saa 8 bila kutetereka kisha zinaganda zikiwa hazina kazi, pale prosesa inaposhusha volti ili kubana umeme. Nyingine haziwaki asubuhi zikiwa baridi. Kwa hiyo tunailaza na kuiamsha mara kadhaa, tunaizima usiku mzima, asubuhi tunaiwasha mara moja tu na kuangalia. Mwisho tunafungua kumbukumbu za matukio za Windows tukitafuta maingizo ya WHEA, makosa ya vifaa ambayo mashine imeyasahihisha kimya kimya bila wewe kuona chochote.

Je, mateso haya hayaiharibu kompyuta? Iliyo nzima na yenye kipoza kizuri, hapana. Joto likizidi inajipunguzia kasi, likizidi tena inajizima. FurMark pekee hatuiachi saa nyingi, maana inaikamua kadi kuliko mchezo wowote, na anayeiwasha haruhusiwi kuondoka kwenye kiti.

Ukiileta, tusaidie kwa jambo moja: usituambie tu "inazima". Tuambie ilikuwa inafanya nini, ilikuwa imewaka muda gani, ilikuwa inachajiwa au la, na kama ilijiwasha tena yenyewe. Maelezo hayo yanaweza kutupunguzia siku nzima.

Ukiichukua utapewa karatasi yenye majaribio yaliyofanyika, kwa muda wa saa ngapi, joto la juu lililofikiwa, na joto la chumba siku hiyo. Itunze, mwaka ujao ikirudi tutalinganisha. Na kama una haraka kweli, una safari au mtihani, sema. Hatukulazimishi kusubiri. Tutakupa ilivyo, na kwenye risiti tutaandika "haijapimwa", kisha wewe utasaini chini yake.