Asante kaka uliyenichagulia matairi

Kaka, jina lako sikulipata, ila shukrani zangu zikufikie popote ulipo. Nilitaka kigari changu cha spoti kikate kona vizuri zaidi. Wengi hukimbilia tairi pana. Wewe ulianzia ubavuni: ukapangusa vumbi kwa kidole gumba, ukanisomea 195/50 R15, ukanieleza kuwa 50 ni asilimia, yaani kimo cha ubavu ni nusu ya upana wa tairi. Ubavu mfupi haulegei sana kwenye kona, kwa hiyo usukani hujibu upesi, ingawa mashimo utayasikia zaidi. Kisha ukanionyesha tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT, ile ya utambulisho iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023, ndipo tairi lilipotengenezwa. Mpira uliokaa miaka mingi hukakamaa hata kashata, zile nundu za tairi zinazokanyaga barabara, zikiwa nzima. Kwa hilo peke yake nakushukuru mno!

Ukasisitiza yote manne yawe ya aina moja, na upepo upimwe kabla hayajapata moto. Sasa gari linashika barabara hata kwenye mvua. Hukuniuzia chochote, kaka, na bado ulinipa muda wako. Mungu akubariki sana.