Jicho lililobaki

Mwanangu mpenzi,

Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza niliona unanihurumia, ya pili nikagundua unanigombeza. Unataka niuze cherehani, nisisome Kurani usiku, simu niiweke mbali, eti jicho lililobaki linabeba mzigo wa mawili. Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini, ukauliza kwa nini nilikubali kutolewa jicho bila kukungoja.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalokuuma.

Siku ile nilikuwa napunguza urefu wa jinzi ya kijana wa bodaboda. Sindano namba 14, pindo nene, nami na haraka zangu za Ijumaa. Ikafika kwenye mshono wa ubavuni, tak! ikakatika, kipande kikanichoma jicho la kushoto. Maumivu hayakuwa makubwa. Nilijifuta na leso, nikaona maji tu, damu hakuna, nikasema afadhali. Maji yale ndiyo yaliyonidanganya nikakaa nyumbani mpaka Jumapili.

Hospitali walilishona jicho, lakini halikuona tena, hata tochi ikimulikwa karibu. Ndipo daktari akaniketisha akanieleza. Ndani ya jicho mna vitu ambavyo askari wa mwili hawajapata kuvizoea tangu tuzaliwe, kwa sababu vimefichwa. Jicho likitobolewa vinafichuka, na askari huweza kuvidhania ni adui. Wakishamjua adui huyo humfuata hata kwenye jicho la pili, ambalo halikuguswa na kitu. Hutokea kwa nadra sana, lakini likitokea laweza kumwacha mtu kipofu. Mara nyingi ni ndani ya mwaka wa kwanza, ingawa wapo waliopatwa miaka mingi baadaye. Zamani kanuni ilikuwa kulitoa jicho lililoumia ndani ya wiki mbili. Siku hizi dawa zipo na hawakimbilii kutoa. "Lingekuwa linaona hata kidogo tungeliacha," aliniambia. Langu halikuwa na cha kuachiwa.

Kitanda cha pili alilala mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha wasioona kule Irente, Lushoto. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Louis Braille, Mfaransa wa nukta nundu, yale maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Alizaliwa mwaka 1809, baba yake akiwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka mitatu akachezea msharasi wa baba yake, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, ukamchoma jicho moja. Kufika miaka mitano alikuwa haoni kwa macho yote mawili, na inadhaniwa ni balaa lile lile alilonieleza daktari. Karakana ya baba, chombo cha kazi, kama kwetu tu. Usiku ule sikulala. Siku zilikuwa zimefika kumi na wewe ulikuwa katikati ya mitihani. Asubuhi nikatia sahihi.

Sasa hili la cherehani. Jirani yetu naye, kila akipita, huniambia jicho likifa humwita mwenzake, na hutoa mfano wa bibi yako. Mama yangu alikuwa na presha ya macho, na ugonjwa huo aghalabu hushika macho yote mawili, moja likitangulia. Jicho la kwanza halikuliambukiza la pili. Yote mawili yalikuwa yanaumwa, ila hatukujua kumpeleka mapema. Ama kuchakaa kwa kutazama, hakuna kitu hicho. Jicho likichoka nalifumba, nakunywa maji, asubuhi liko vile vile. Hata lilipokuwa na mwenzake lilikuwa linaangalia kila kitu nilichokiangalia.

Kilichopotea si nusu, kama unavyodhani. Macho mawili huona mbele yako karibu nyuzi 180, moja huona kama 150, pua ikikinga upande wa pili. Kwangu ni kushoto. Kwa hiyo barabarani nageuza shingo kama kuku, na ukija tukitembea, kaa kushoto kwangu.

Kazi kubwa ni umbali. Wiki za mwanzo mteja alinipa noti nikashika hewa, akacheka, nikacheka, kisha nikaenda chooni nikalia. Chai niliimwaga kitambaani. Sasa nagusisha kwanza mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe. Uzi je? Naegemeza kidole cha mkono huu kwenye kidole cha ule. Vidole vinajua umbali, jicho linatafuta tundu tu. Nikikiona kitu nisijue kiko mbali gani, nasogeza kichwa kidogo: cha karibu hukimbia, cha mbali husimama. Hayo hakunifundisha mtu.

Chukua vifungo viwili uviweke mezani, kimoja kulia kwa kingine, chini kidogo ya shibiri. Fumba jicho la kushoto, kazia la kulia kwenye kifungo cha kushoto, kichwa chako kikiwa mbali na meza kama urefu wa mkono. Sogea mbele na nyuma polepole. Kuna mahali kile cha kulia kitapotea kabisa! Kila jicho lina doa lake lisiloona, na ukiwa na mawili, moja humfichia mwenzake aibu. Mimi sina tena wa kunifichia, na wala silioni hilo doa mpaka nilitafute.

Ninachokiogopa ni sindano nyingine. Nimenunua miwani ya lenzi za polikaboneti, zile zisizovunjika upesi, naivaa kila nikikaa kwenye cherehani, hata kama nashona shimizi. Na jicho hili likiwa jekundu, mwanga ukiniumiza, au nikianza kuona ukungu, siku hiyo hiyo niko hospitali. Sitangoja Jumapili.

Wewe nawe nenda ukapimwe presha ya macho, kwa kuwa ile ya bibi yako hufuata damu. Usinijibu kwamba unaona vizuri. Naye alikuwa anaona vizuri.

Ukija likizo niletee sindano za jinzi namba 16, pakiti mbili, huku dukani wananiuzia 14 tu. Yule kijana bado anaisubiri suruali yake.

Mama yako