Prosesa za wingu: tunalinganisha visivyolingana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalonikera kila ninaposoma habari za ushindani wa prosesa katika seva za wingu (kompyuta tunazokodi kupitia mtandao), yaani mvutano uliopo kati ya miundo miwili ya prosesa, x86 ya Intel na AMD, na Arm, ambayo sasa Amazon, Google na Microsoft wanaitumia kujiundia chipu zao wenyewe. Waandishi wengi huchukua bei ya saa moja ya seva hii na ya ile, wakaona tofauti, wakamtangaza mshindi. Mimi kazi yangu ni kusimamia seva, na naona hesabu hiyo huharibika kabla haijaanza, kwa sababu kinachouzwa kwa jina moja pande zote mbili si kitu kimoja.

Wauzaji wa huduma za wingu hupima nguvu ya seva kwa vCPU, yaani prosesa pepe. Katika seva nyingi za x86, vCPU moja ni uzi mmoja tu, yaani mfululizo mmoja wa maagizo: kiini kimoja halisi, sehemu ya prosesa inayokokotoa, hubeba nyuzi mbili, na nyuzi hizo hugombania vifaa vilevile vya kukokotoa. Katika Graviton, chipu ya Arm ya Amazon, vCPU moja ni kiini kizima. Basi aliyekodi vCPU nane za x86 mara nyingi amepata viini vinne, na aliyekodi nane za Graviton amepata vinane. Seva ikiwa na kazi chache hakuna atakayeona tofauti, lakini mzigo ukipanda, nyuzi za kiini kimoja huanza kungojana, na muda wa kumjibu mteja hurefuka ghafla ilhali takwimu zinaonyesha kuwa nafasi bado ipo. Wala hii si kanuni ya x86 yenyewe, kwani seva za Amazon za aina ya M7a, zinazotumia prosesa za AMD EPYC, hutoa kiini kizima kwa kila vCPU. Anayelinganisha seva ya nyuzi na seva ya viini kisha akasema Arm imeishinda x86, alichopima hasa ni namna muuzaji alivyoamua kuigawa bidhaa yake.

Siandiki haya kwa kuidharau Arm. Chipu yake ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1985 katika kampuni ya Acorn, mjini Cambridge, Uingereza, na kwa miaka mingi watu waliijua kwa simu za mkononi tu. Waliojaribu kuiingiza kwenye seva waliumia: kampuni ya Calxeda ilifunga milango mwaka 2013, na Qualcomm, iliyotoa chipu ya seva ya Centriq mwaka 2017, iliachana nayo muda mfupi baadaye. Mambo yaligeuka pale mnunuzi mkubwa wa chipu alipoamua kuwa mtengenezaji. Amazon iliinunua Annapurna Labs, kampuni ya kubuni chipu, mwaka 2015, ikaitoa Graviton ya kwanza mwaka 2018. Microsoft ikatangaza chipu yake ya Cobalt mwaka 2023 na Google ikatangaza yake ya Axion mwaka 2024. Faida iliyokuwa ikimwendea muuzaji wa chipu sasa hubaki kwa mwenye wingu, naye anaweza kumpunguzia mteja bei kidogo ili ahame. Kwa hiyo punguzo tunaloliona kwenye orodha za bei si ushahidi tosha wa ubora wa usanifu. Upande wa pili nao haukulala: Intel na AMD, mahasimu wa miongo mingi, waliunda baraza la pamoja la kuilinda x86 mwezi Oktoba 2024, jambo ambalo miaka kumi nyuma lingechekesha.

Gharama nyingine isiyoandikwa ni ya kuhama. Programu zilizoandikwa kwa lugha za Java au Go kwa kawaida huhama bila kelele, na nyingine hudai kukusanywa upya tu, yaani kutafsiriwa tena kwa lugha ya chipu mpya. Sisi tulikwama kwenye programu ndogo ya foleni ya ujumbe iliyoandikwa kwa lugha ya C. Uzi mmoja uliandika ujumbe kwenye kumbukumbu, kisha ukainua alama ya kusema ujumbe uko tayari. Uzi wa pili ulipoiona alama, ulisoma ujumbe. Kwenye x86 ilifanya kazi miaka kadhaa bila kosa. Kwenye Arm, mara moja moja sana, na hasa usiku wenye kazi nyingi, uzi wa pili ulikuta alama imeinuliwa na ujumbe mtupu. Sababu ni kwamba x86 huvionyesha viini vingine yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu kwa mpangilio uleule yalivyoandikwa, ilhali Arm inaruhusiwa kuupangua mpangilio huo mpaka programu iagize vinginevyo. Kosa lilikuwa letu tangu siku ya kwanza, na x86 ilikuwa ikitusitiri. Marekebisho yalikuwa mistari miwili; kuutafuta ugonjwa wenyewe kulitumaliza karibu wiki tatu, na wiki hizo hazimo katika orodha yoyote ya bei.

Ombi langu kwa waandishi wako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Wanapochapisha ulinganisho, waseme vCPU iliyopimwa ni uzi au ni kiini, waseme seva ilikuwa na mzigo kiasi gani, na bei waitoe kwa kazi iliyokamilika badala ya saa iliyokodiwa. Sisi tulipopiga hesabu kwa njia hiyo, huduma zetu nyingi zilihamia Arm, lakini hifadhidata yetu kubwa kuliko zote ilibaki kwenye x86, na hadi leo iko hukohuko.

Wako mtiifu,
Msimamizi wa seva