Mpigie Eli

Moshi, Jumapili jioni

Aloyce,

Salamu sana. Huku wazima, mvua inanyesha mpaka kero, mama anauliza watoto unawaleta lini. Hayo baadaye.

Eli na Godi hawasalimiani. Meza moja, mmoja anabadilisha vioo vya simu, mwingine anachomelea, na mteja ndiye anayetumwa: "Mwambie huyo anipe bisibisi." Si hela, si mwanamke. Ni ukubwa wa bloku za Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni: kila fungu la miamala liwe kubwa kiasi gani! Ugomvi wa 2017, ambao wenyewe walishaachana zamani: wa megabaiti 8 walijitenga Agosti 1 na Bitcoin Cash yao, waliobaki wakawa na SegWit, njia ya kuingiza miamala zaidi kwenye bloku, kuanzia Agosti 24. Godi anasema megabaiti moja na ushee kila dakika 10 ni Hiace moja kubebea mji mzima, leteni basi. Eli akamuuliza: basi hilo litapanda Kibosho?

Mimi niko na Eli. Nodi yake, ile programu inayotunza na kukagua bloku zote, anaiendesha kwenye ile kompyuta kuukuu chini ya meza, unaijua, yenye feni inayokoroma. Bloku za megabaiti 8 zikijaa, ni zaidi ya gigabaiti moja kila siku. Kwa bando la nani? Mwishowe nodi watabaki nazo wenye nazo, sisi tuambiwe tu. Ila Godi naye ana lake: Desemba 2017 ada ya wastani ilivuka dola 50 kwa muamala. Utume dola 20 kwa ada hiyo? Eli kazi yake kusema Lightning, Lightning, ile njia ya kulipana hela ndogo nje ya bloku. Godi akataka aonyeshwe mama ntilie mmoja wa stendi anayeipokea. Kimya.

Wangeishia kununiana ningecheka. Lakini sasa Godi anamshawishi mzee Shirima anunue Bitcoin Cash, eti "ni ileile, bei poa". Ileile wapi! Hata wao waligawanyika tena Novemba 2018. Waliokuwa na Bitcoin kabla ya mgawanyiko wa 2017 ndio walioipata Bitcoin Cash bure, sarafu kwa sarafu. Mzee anataka kutoa hela ya kahawa. Nimemwambia, ananiona nina wivu.

Mpigie Eli, wewe anakusikia. Akitulia yeye, Godi nitamweza. Utampigia lini? Ile laptopu yako ya chuo bado ipo? Una hakika haina pochi yako ya zamani ya Bitcoin? Usiifute kabla hujaangalia. Na harusi ya Neema unakuja, au kazi tena?

Deo