Mama mkwe katupeleka Kampala

Bukoba,
14 Desemba

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, ila mvua imetuandama hata nguo hazikauki. Ujumbe wako wa kuulizia bei za vitenge niliuona tukiwa barabarani, nikasema haya si mambo ya kujibu kwa kidole gumba. Leo Baba Neema kaenda kwenye kikao cha ukoo, watoto wamelala, basi tulia nikusimulie.

Unajua mwaka huu Tisa Desemba, sikukuu yetu ya Uhuru, iliangukia Jumatatu. Shemeji yangu mkubwa, yule mwenye Noah, akaja na wazo: mama ana miaka mingi anatamani kwenda kuhiji Namugongo, kwa mashahidi wa Uganda, na kila sikukuu yao ya tarehe 3 Juni ikikaribia kunatokea jambo. Mara msiba, mara kahawa iko tayari kuchumwa, mara mguu. Tumpeleke sasa, siku ambazo hakuna umati wa mahujaji, na watoto nao wakaone Kampala. Mimi nilivyosikia Kampala nikaanza kuhesabu akiba yangu kimyakimya.

Lakini kabla sijafika kwenye maduka, lazima nikueleze habari za mama mkwe, maana bila hiyo hutaelewa safari yenyewe. Yeye kwao ni ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Missenyi. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia mwishoni mwa 1978, alikimbia huyu shemeji akiwa mgongoni. Daraja la Kyaka lilikuwa limeshalipuliwa, wakavuka mto kwa mtumbwi. Vita vilipokwisha akarudi, akakuta mabati yamebebwa, ng'ombe hakuna, hata mlango hakuna. Tangu hapo hajawahi kuvuka mpaka wa Uganda pale Mutukula. Watu wa Bukoba wanakwenda Kampala kama wewe unavyokwenda Muheza, yeye hapana. Kwa hiyo aliposema "haya, twendeni", Baba Neema alimtazama mara mbili.

Tukaondoka Jumamosi alfajiri. Pale Kyaka shemeji alisimamisha gari, mama akawaonyesha wajukuu mto na magofu ya kanisa lililopigwa mizinga wakati wa vita. Nilidhani atalia. Wapi! Alisimulia kama mtu anayeeleza ugomvi wa jirani na mbuzi wake, nani alibeba sufuria, nani alisahau chumvi, nani alitaka kurudi kuchukua kuku. Mwanangu Mugisha akamuuliza baba mkubwa wake kama anakumbuka. Mtu alikuwa hajaota hata jino!

Mutukula siku hizi ni rahisi. Ni kituo cha pamoja, unagongewa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja la upande unaoingia. Uwe na pasipoti au ile hati ya muda ya Afrika Mashariki, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, usije ukaanza kutafutana na watu wa afya pale. Fedha usibadilishe kwa vijana wanaokimbilia gari na mabunda mkononi, nenda dukani. Shilingi yetu ni nzito kuliko yao, kwa hiyo unatoka na noti nyingi ukajiona tajiri kwa muda mfupi.

Sasa sikiliza. Afisa wa upande wa Uganda, kijana tu, akamuuliza mama kwa Kiingereza anakwenda kufanya nini. Mama akamjibu kwa Kihaya. Kijana akacheka, akamrudishia kwa lugha ya kwao, mama akaongeza, yule akaongeza, tukabaki tumeduwaa kwenye foleni. Alipomaliza kugonga muhuri alimwita jjajja, yaani bibi, akamtakia safari njema. Kuanzia hapo, Zuhura, sisi tulikuwa abiria na mama ndiye mwenyeji. Mimi na Kihaya changu cha kuombea chumvi, na Baba Neema na Kiingereza chake cha ualimu, tulikaa viti vya nyuma tukafungwa midomo.

Njia yenyewe inapendeza. Unapita Kyotera, unafika Masaka, halafu Lukaya. Pale gari likipunguza tu mwendo linazingirwa. Vijana wamevaa makoti yenye namba, mikononi kuku wa kuchoma kwenye vijiti, ndizi za kuchoma wanazoziita gonja, maji, soda, vyote vinaingia dirishani kwa pamoja. Gonja ni tamu, ndizi mbivu imeungua kidogo juu, ndani laini. Kuku ni wa kutafuna kwa bidii. Mbele kidogo, kwenye kinamasi cha Lwera, wanauza samaki wametundikwa kando ya lami, nikakumbuka soko la samaki la kwetu.

Kayabwe tulisimama kwenye mstari wa ikweta. Kuna zile duara nyeupe mbili, moja kila upande wa barabara, kila mtu anapiga picha mguu mmoja kusini mmoja kaskazini. Yuko kijana mwenye mabakuli ya maji na ua: bakuli la kusini maji yanazunguka upande huu, la kaskazini upande ule, la katikati yanashuka moja kwa moja. Watoto walipiga makofi. Baba Neema, mwalimu wa fizikia, alinong'ona kwamba mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya bakuli kwa hatua chache hivyo, ni namna tu yule kijana anavyoyamimina. Mama akamwambia anyamaze, mtu anatafuta riziki. Tukalipa.

Kuingia Kampala ni adhabu. Foleni ya magari, daladala zao wanaziita taksi, bodaboda zinapita hadi kwenye mitaro. Shemeji aliapa, alipofika nyumba ya wageni ya masista tuliyofikia, upande wa Rubaga, akaegesha Noah na hakuigusa tena mjini ila kwa Namugongo. Jioni tukala rolex barabarani. Ni chapati iliyoviringishwa na mayai yaliyokaangwa na nyanya, kabichi na kitunguu, ukila moja usiku umeisha. Chapati zao nene, si hizi zetu za kuchambuka, lakini kwa rolex ndizo zinazofaa. Neema alikula mbili, akanyimwa ya tatu.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mama. Namugongo iko nje kidogo ya mji. Kanisa limejengwa kwa umbo la nyumba ya mviringo, paa limeshuka hadi karibu na ardhi, na limezungukwa na nguzo 22 kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Mama alisimama nje akasema, "Wamejenga msonge." Kweli, ni msonge wa Kihaya ila wa chuma. Ndani, altare iko mahali ambapo Karoli Lwanga alichomwa moto tarehe 3 Juni 1886, wakati wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Mimi, unajua, nimelelewa Kianglikana kule Magila, lakini nilitulia. Misa ilikuwa kwa Kiganda, ngoma na vigelegele, na mama aliifuata akijibu kama aliyezaliwa pale. Baadaye akakutana na kundi la Watanzania wenzetu, wakamweleza kwamba kila Juni mosi Watanzania hukusanyika hapo kumwombea Mwalimu Nyerere katika mchakato wa kutangazwa mtakatifu. Akasema mwaka ujao atakuja Juni, mguu uume usiume. Akajaza kidumu cha lita tano maji ya pale, na kidumu hicho kililala naye chumba kimoja mpaka Bukoba.

Mchana tulikula luwombo. Hiki ni chakula cha heshima kwao: kuku, au nyama, au karanga za kusaga, vinafungwa ndani ya jani changa la mgomba lililobabuliwa, kisha vinapikwa kwa mvuke taratibu. Ukifungua, harufu peke yake inakushibisha. Nilichukua ya karanga na samaki mkavu, na naapa, ni mara ya kwanza tangu niolewe huku nimekula kitu kisichonifanya niwaze nazi. Kinachokuja nacho ni matoke, ndizi zilizopondwa na kufungwa kwenye majani. Hapo mama alitoa hukumu. Ndizi za Kihaya, unazijua, zinapikwa nzima nzima na maharage, kila moja inajitegemea. "Wanaziponda za nini? Kuna mtu hana meno?" Mhudumu alimsikia na akamwelewa, ikabidi tucheke wote.

Halafu wewe ndiye niliyekukumbuka sana, jioni ile, tulipopanda kilima cha Old Kampala kwenye ule msikiti mkuu. Shoga, ni mkubwa! Mimi na Neema tulipewa vitambaa vya kujifunga na mitandio pale mlangoni, kijana akatutembeza. Mazulia, taa, nguzo, kisha mnara wenye ngazi kama 300. Nilipanda nikitaja majina ya wahenga. Ukifika juu unaona mji wote na vilima vyake: Namirembe na kanisa la Waanglikana, Rubaga na kanisa la Wakatoliki, Kibuli na msikiti wake, Makerere, na kwa mbali kabisa ziwa letu lilelile. Kila dini ilichukua kilima chake. Kaka yako Hamisi, aliyesoma Makerere, aliwahi kunieleza nikadhani anatia chumvi.

Mama alibaki chini kulinda viatu. Tuliposhuka tukamkuta na mzee mmoja mtunza bustani, wanaongea. Alikuwa ameuliza nani kajenga jengo kubwa hivi. Mzee akamwambia aliyeanza ni Idi Amin miaka ya sabini, likakwama, akaja kulimalizia Gaddafi wa Libya.

"Amin huyuhuyu?" mama akauliza.

"Huyuhuyu."

Mama akautazama mnara kutoka chini mpaka juu, bila haraka. "Angeshika ujenzi tu," akasema, akaomba fimbo yake tuondoke.

Haya, sasa maduka, najua ulikuwa unaruka mistari kuyatafuta. Kule Tisa Desemba si sikukuu, kwa hiyo Jumatatu asubuhi kila kitu kilikuwa wazi. Tulianza Owino. Jina la kwenye karatasi ni soko la Mtakatifu Balikuddembe, lakini ukisema hivyo hakuna atakayekuelekeza. Ni mitumba mpaka macho yanauma, viatu, mapazia, mikoba, vichochoro vyembamba mnapishana kwa ubavu, na mabega yanavutwa kila upande. Mimi nikiuliza kwa Kiswahili natajiwa bei ya mgeni. Baba Neema akiuliza kwa Kiingereza anatajiwa bei ya mzungu. Mama anakuja nyuma taratibu na fimbo, anasalimia kwanza, anauliza habari za nyumbani, anataja bei yake. Hesabu zao na za Kihaya zinakaribiana mno, kwa hiyo hakuna wa kumzunguka. Sweta la Mugisha nililoambiwa elfu thelathini alilitoa kwa kumi na mbili, na muuzaji akamsindikiza mpaka mwisho wa kichochoro.

Alijinunulia gomesi, lile gauni lao la mabega yaliyochongoka na mkanda mpana. Wanasema jina limetokana na fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes. Rangi ya zambarau. Amepanga kulivaa Krismasi, na wake wa shemeji zangu wameshaanza kuulizana nani kamnunulia.

Vitenge viko Kikuubo, mtaa wa jumla karibu na stendi kuu, watu wanabeba mizigo kichwani wanakimbia, usiposikia "pisha" unapigwa na robota. Vipo vingi na vizuri, nimekupigia picha madukani nitakutumia. Lakini ukitaka maoni yangu kwa ajili ya duka lako, baki na Kariakoo. Vingi ni vya kutoka China na India, na ule utaratibu wa mpakani wa kuwapunguzia mzigo wafanyabiashara wadogo ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, kwa hiyo hivyo utalipia ushuru kama kawaida. Ongeza na nauli ya mzigo mpaka Tanga, faida yote imelala barabarani. Viwili vitatu vya kuvaa mwenyewe, sawa. Makaburi ya makabaka kule Kasubi hatukuwahi, shemeji alikuwa keshawasha gari.

Kurudi tulipita Masaka usiku, na ndipo nilipoona jambo la ajabu. Ni msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, basi kando ya barabara wamewasha taa kali kama uwanja wa mpira, wamesimamisha mabati yakiinamia kwenye mapipa. Senene wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza ndani. Watoto waligoma kuingia garini. Tukanunua waliokaangwa tayari. Mama akaonja wachache, akasema vitunguu vimezidi, na kwamba wa Bukoba wanakaangwa na watu wenye subira. Lakini mfuko ulifika Mutukula mtupu, na aliyekuwa ameukalia ni yeye.

Pasaka mnakuja au hamji? Niambie mapema, kwa sababu shemeji ameanza kusema Noah inataka matengenezo. Macho ya mama yako yanaendeleaje baada ya upasuaji? Mpe shikamoo yangu.

Wako,
Rehema

N.B. Mama mkwe anauliza urefu wako kutoka begani mpaka chini. Usinitajie namba ya gauni la dukani, pima kwa futi.