Nyuzi za mwanga mlizotukatia kwa wembe

Lubumbashi, Kampemba

Kwa Bwana Mkurugenzi,

Ninaandika barua kwa sababu simu yenu inaita bila kupokelewa, sasa ni wiki ya pili. Tulinunua kwenu sensa mbili, yaani vifaa vya kuhisi, pamoja na nyuzi zake za kupitisha mwanga, moja kwa kila mashini, ili zitambue mfuko wa unga wa mahindi kabla haujafika kwenye taya za moto zinazoufunga. Tulilipia na fundi. Fundi alikuja, hilo sikatai.

Nyuzi zilikuwa ndefu, ikabidi zifupishwe. Akatoa wembe mfukoni, akalaza uzi gotini, akakata. Nikamwonyesha kikatio kidogo kilichokuwa ndani ya pakiti, chenye matundu, na maandishi kwamba kila tundu ni la kukata mara moja tu, kwa kuwa makali yake huisha. Akasema hicho ni kitu cha watoto. Bwana Mkurugenzi, uzi huu ni wa plastiki. Usipokatwa wima kwa makali mapya, uso wake unachanika na mwanga unapotea palepale. Niliuangalia kwa kioo cha kukuzia: ncha ilikuwa na nywele kama muwa uliotafunwa.

Kwenye mashini ya pili alikumbuka kikatio, lakini alitumia tundu lilelile mara nne, kila mara akizidi kufupisha. Sensa hiyo ni ya aina ambayo uzi wa katikati unapeleka mwanga na nyuzi nyembamba zinazouzunguka zinaurudisha. Akaziingiza kinyume. Wala hakuzisukuma mpaka mwisho. Nilivuta kwa vidole viwili, zikatoka. Kisha akazipinda kwenye kona ya chuma kama waya wa taa, na kijitabu chenu kinakataza mpindo wenye nusu kipenyo chini ya milimita 25.

Sasa mifuko inapita bila kuonekana na taya zinaibana tumboni. Jumanne peke yake tulizoa sakafuni unga wa mifuko 46.

Kabla hamjaacha kupokea simu, mliniambia ni vumbi la unga. Vumbi lipo, tunalifuta kila asubuhi. Lakini nyuzi za mashini ya kwanza nilizikata upya mimi mwenyewe, kila moja kwa tundu lake, nikazisukuma mpaka zikagota, ndipo nikafunga kishikio. Namba kwenye kisanduku cha sensa, inayoonyesha mwanga unaopokelewa, ilipanda kutoka 280 hadi 1,900, katika vumbi hilohilo. Na mimi ni muuza unga tu.

Za mashini ya pili siwezi kuziokoa, zimekuwa fupi mno. Ninadai nyuzi mpya za sensa hiyo, kikatio ambacho hakijatumika, na fidia ya ile mifuko 46, katika siku saba. La sivyo chukueni sensa yenu, mnirudishie pesa zangu.

Fundi yule msimtume tena, hata kuniletea fakture.

Mwenye kiwanda cha unga